Uzi: Mtu wa nyumbani kabadilika. Mombasa hii mwabisha mlango upi kwanza?

#1 Kibaraza_cha_Tudor

Salaam wanabaraza. Swali hili larudi kila mara kwa sura mpya: kijana halali, mama analia peke yake jikoni, mzee amekuwa mkali, mume ameanza unga (heroini). Majibu nayo ni yaleyale mawili, "mpeleke rehabu" na "mpeleke akasomewe". Nafungua uzi mmoja tuweke mambo mahali pake. Visa vya majirani na vyetu wenyewe tuvipeleke nyuzi nyengine. Hapa twataka hatua.

Kwanza kabisa, msikimbilie mshauri kabla ya kujiuliza kama ni mwili. Mtu aliyebadilika ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, anachanganya mchana na usiku, mara anajua yuko wapi mara hajui, huyo ni wa hospitali. Malaria kali hufanya hivyo. Sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya mkojo kwa wazee, hata damu inayovuja polepole ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya mtu kuanguka na bodaboda. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi huleta wasiwasi, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Mwaweza kulizungumzisha tezi mwaka mzima na lisisikie.

Pili, andikeni ukurasa mmoja kabla ya kutoka nyumbani. Lini ilianza. Analala saa ngapi, na ni kulala anakokosa au ni kuamka saa tisa usiku asilale tena. Anakula nini. Anatumia nini (bangi, muguka yaani majani ya kutafuna kama miraa, pombe, vidonge, unga), kiasi gani, mara ya mwisho lini. Dawa zote anazomeza, na zile za kienyeji pia. Nani katika ukoo aliwahi kuugua hivyo. Nasisitiza karatasi kwa sababu chumbani watu wanne huanza kubishana mbele ya daktari kama ilianza kabla ya Idi au baada, na dakika zimekwisha.

Milango yenyewe, kwa ufupi:

Hatari ya leo (amejaribu kujidhuru, anatishia mtu, amekunywa sumu, anatetemeka na kuona vitu baada ya kuacha pombe): sehemu ya dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani, ile twaiita Makadara, au hospitali kubwa iliyo karibu nanyi.

Anasikia sauti, anajiona anafuatwa, maneno hayashikani: kliniki ya afya ya akili. Kitengo cha wagonjwa wa akili kinachojulikana zaidi Pwani kiko hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe.

Unga: kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga) ya Kisauni, au mashirika yanayofanya kazi mitaani na waraibu kama Reachout na MEWA.

Amebakwa au anapigwa: Makadara kuna kitengo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Saa 72 ni mpaka wa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Msimwogeshe, msifue nguo, zitieni kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ushahidi huoza.

Huzuni, msiba, ndoa, mtoto wa shule: hapa ndipo mshauri nasaha anapokuwa mlango wa kwanza.

#2 MamaLikoni

Ahsante sana. Tueleze tofauti basi. Mshauri nasaha, mwanasaikolojia, daktari wa akili. Huku mtaani kila mwenye cheti ukutani aitwa "kaunsela".

#3 Kikao_Dakika50

Mama, tofauti iliyo rahisi ni kalamu. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo, yeye huandika dawa. Afisa tabibu aliyesomea afya ya akili pia huandika dawa, na katika hospitali nyingi za umma ndiye mtakayekutana naye. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu na hawaandiki dawa. Mshauri akikuuzia vidonge au "virutubisho vya ubongo", chukua mkoba wako uondoke.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, na chini yake kuna bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo kumuuliza mtu "umesajiliwa wapi, nambari yako gani?" si utovu wa adabu. Mwenye nambari huitoa bila kununa.

Kikao cha mtu mmoja huwa dakika 50 hadi 60. Cha wawili au familia hufika dakika 90, na ni sawa kikigharimu zaidi. Ulizeni siku ya kwanza, kabla ya kukaa: bei, mukiahirisha munalipa au hamlipi, takriban vikao vingapi, na tutajuaje kuwa tunasonga. Tiba ya kubadili fikra na mwenendo kwa huzuni ya kawaida mara nyingi ni vikao 8 hadi 16, kimoja kwa wiki. Kuna utaratibu mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano vya dakika 90, ambao hata mtu asiye mtaalamu hufunzwa kuuendesha chini ya usimamizi. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili na ukasaidia. Si kila shida yataka mwenye shahada tatu.

Kikao cha kwanza huwa ni maswali tu. Watu wengi hukasirika hapo: "nimelipa, sijaambiwa la kufanya." Ushauri nasaha si kushauriwa kama kwa mjomba. Mshauri anayekuambia siku ya kwanza "muache huyo mwanamume" hajafanya kazi, ametoa maoni. Lakini kufikia kikao cha tatu au cha nne muwe mumeshakubaliana lengo moja au mawili yanayopimika: kulala kwa muda wa saa sita, kurudi kazini siku tatu kwa wiki, kula pamoja mezani bila kelele. Mukifika cha sita na hakuna lengo, uliza. Kama hana jibu, badilisha mshauri.

Siri. Unachosema hakitoki, ila kuna mipaka, nayo lazima uelezwe kabla hujafungua kinywa: hatari ya kujiua au kuua, mtoto anayedhulumiwa, na amri ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hivyo faili lako halitumwi kwa WhatsApp ya shangazi aliyelipa. Anayelipa hanunui siri.

#4 Zamu_ya_Usiku

Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu watu husema huzuni haipimiki.

Kliniki nyingi hutumia hojaji ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo imepotea, moyo umenyong'onyea, usingizi, uchovu, chakula, kujiona huna maana, kutoweza kutulia kwenye jambo, mwendo kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali hupewa 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 5 ni kidogo, 10 ni wastani, 15 ni zito kiasi, 20 kwenda juu ni kali. Kumi ndipo mhudumu anapotakiwa kuchunguza zaidi. Si hukumu. Ni kama kupima joto, ukirudi baada ya wiki nne mnapima tena mnaona limeshuka au la.

Penye kasoro ni lugha. Mtu wa Pwani hasemi "nina unyogovu". Husema moyo mzito, mawazo mengi, kichwa chawaka moto, mwili wachoma kama sindano, sina raha. Akienda zahanati akasema "mwili wauma wote" anapewa dawa ya maumivu, anarudi, anapewa ya malaria, anarudi tena. Mkiwa naye, semeni yote mawili: mwili wauma NA hajacheka miezi miwili.

Swali la tisa, la kufa, liulizwe wazi. "Umewahi kufikiria kujiua?" si "huna mawazo mabaya, sivyo?" Hilo la pili lamwambia jibu unalolitaka.

#5 Mwana_wa_Majengo

> Swali la tisa, la kufa, liulizwe wazi

Hapo nakataa. Si mtamfungua macho? Na pia kujaribu kujiua ni kesi ya polisi, mtu atasema ukweli vipi?

#6 Zamu_ya_Usiku

Ndugu yangu, kuuliza hakupandi wazo. Tafiti zimelitazama hili kwa miaka na hazikuona madhara. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, fuata: umefikiria kwa njia gani, unayo hiyo njia nyumbani, umepanga lini. Mwenye njia na siku haachwi peke yake, hata dakika ya kwenda dukani.

Kuhusu kesi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ndicho kilichofanya jaribio kuwa kosa, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kinapingana na Katiba. Mpeleke hospitali.

Nyumbani ondoeni dawa ya panya, dawa ya kunguni na ya kupe, na tembe zote. Hatari kuu ni ya dakika chache, na kitu kikiwa mbali dakika hizo hupita. Kisha andikeni naye karatasi ya usalama, kwa mwandiko wake: dalili zangu kabla halijanijia, mambo ninayoweza kufanya peke yangu, pa kwenda penye watu, watu wawili wa kuwapigia, mtaalamu gani, na nyumba imesafishwaje. Nambari za bure za kuweka humo: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa ushauri, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto, 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, kwa mihadarati.

#7 Kikombe_Kila_Siku

Nije kwenye unga, maana hapo ndipo Mombasa inapoumia na ndipo uongo ulipo mwingi.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili ukiukosa unga, huanza saa 8 hadi 12 baada ya mvuto au sindano ya mwisho: miayo, makamasi, jasho, ngozi ya kuku, tumbo, mifupa kuuma. Kilele ni saa 36 hadi 72. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki. Mtu mzima mwenye afya ni nadra kufa kwa arosto yenyewe akipata maji na chumvi za kutosha. Kinachoua ni kinachokuja baadaye. Mwili ukikaa wiki tatu bila unga hupoteza ukinzani (mazoea ya kuhimili kipimo), mtu anatoka "amepona", anavuta kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Kwa hiyo familia inayomfungia mtu chumbani wiki mbili na kumwachia haijamtibu. Imemweka mahali pa hatari kuliko alipokuwa.

Methadoni kwa Kenya ilianza Desemba 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, Malindi ikafuata 2015, kisha Kisauni. Kwenye kliniki za umma ni bure. Njia ya kawaida ni kupitia shirika la mtaani: wanamjua mtu maskani kwake, vikao vya matayarisho, kisha kipimo cha mkojo na uchunguzi (TB, Ukimwi, homa ya ini), halafu anaanza. Ni maji, anakunywa mbele ya mhudumu na kuzungumza baadaye ili ionekane amemeza.

Huanza kwa miligramu 20 hadi 30. Hapandishwi haraka, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. "Hainishiki!" Ni kweli, siku za kwanza haimtoshi. Lakini methadoni hutoka mwilini polepole, nusu yake hubaki hata baada ya siku nzima, kwa hiyo kipimo cha leo hukaa juu ya mabaki ya jana. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuchunga. Akiongeza unga, pombe au vidonge vya usingizi juu yake, anaweza kulala asiamke. Kipimo cha kudumu kwa wengi ni kati ya 60 na 120.

Akikosa siku moja au mbili hakuna kubwa. Akikosa siku tatu mfululizo asitarajie kikombe kilekile, kitapunguzwa. Akikosa tano huanzishwa upya. Si adhabu, ni ukinzani ule ule ulioshuka. Wanaoishi Likoni na Mtongwe wajue hesabu hii mapema: kuvuka feri na kupanda matatu hadi Kisauni kila siku, Jumapili na sikukuu pia, ni nauli na saa. Panga nani atalipa nauli kabla ya kuanza, na apewe nauli ya siku moja moja. Ya wiki nzima mkononi ni mtihani usio na haja.

Na TB: rifampisini huiondoa methadoni mwilini haraka. Mtu anaanza dawa za TB, baada ya wiki arosto inamrudia, familia yasema "amerudia unga". Baadhi ya dawa za Ukimwi hufanya hivyo pia. Kliniki zote mbili zijue.

#8 Mwana_wa_Majengo

Bado ni kubadilisha unga kwa unga. Mtu anywe miaka mingapi?

#9 Kikombe_Kila_Siku

Miaka, kwa wengine. Mwenye presha anameza miaka mingapi? Unga hupanda na kushuka mara nne kwa siku, na katikati ya hizo nne mtu anatafuta pesa, na twajua anatafuta vipi. Methadoni ni kikombe kimoja, hakuna kupanda, sindano zimekoma, mtu anakwenda kazini. Kuacha kupo, kwa kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, akiwa na makao na shughuli. Wanaokimbizwa kuacha ndani ya wiki chache kwa sababu familia yaona aibu ya foleni ya asubuhi, hao ndio wengi wao hurudi.

Mtu akizidisha: midomo ya buluu, mkoromo wa ajabu, mboni ndogo kama ncha ya sindano, haamki ukimsugua kifua kwa ngumi. Mwite kwa sauti, mlaze ubavu kama anapumua, na kama hapumui mlaze chali umpe pumzi mdomo kwa mdomo, moja kila sekunde tano. Naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya heroini) ikiwepo apewe, halafu akae chini ya macho kwa saa kadhaa, kwa sababu naloksoni huisha nguvu kabla ya heroini. Maji ya chumvi kwenye mshipa, maziwa, kumwagia ndoo ya maji: hakuna hata moja linalofungua pumzi.

#10 Zamu_ya_Usiku

Kabla hatujapita: yote aliyosema kuhusu kutokufa kwa arosto hayahusu POMBE wala vidonge vya usingizi (vile mwaita mchele au bugizi). Mnywaji wa kila siku, awe wa mnazi au wa chang'aa, akikatishwa ghafla huanza kutetemeka saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na siku ya pili hadi ya nne kuchanganyikiwa na kuona vitu, homa, moyo mbio. Hapo watu hufa. Huyo hafungiwi chumbani na wala haombewi kwanza. Hospitali humpa dawa ya kutuliza inayopunguzwa kwa siku kadhaa na vitamini B1, na B1 hutangulia dripu ya sukari, kwa sababu sukari bila B1 yaweza kuharibu ubongo kabisa. Vidonge hupunguzwa kwa wiki au miezi.

Kituo cha marekebisho ambacho mlango wa kwanza ni "leo anaacha, hatuna muuguzi usiku" kiepukeni. Ulizeni: nani yuko zamu saa nane usiku, mkipata degedege mwampeleka wapi, na baada ya siku 90 kuna ufuatiliaji gani. Swali la tatu ndilo huwa halina jibu.

#11 Duka_la_Dawa_MT

Upande wa vidonge, makosa yanayojirudia.

Fluoksetini, ya huzuni: asubuhi, huweza kukatisha usingizi. Wiki ya kwanza kichefuchefu na wasiwasi kidogo, nafuu kati ya wiki ya 2 na ya 6. Watu huacha siku ya kumi wakisema haifanyi kazi. Wengine huacha siku wanayojisikia vizuri. Inatakiwa iendelee miezi 6 au zaidi BAADA ya kupona, la sivyo hurudi. Amitriptilini, ya huzuni pia, ni ya usiku, na ni hatari sana mtu akizimeza pamoja, basi mwenye mawazo ya kufa apewe za wiki moja na mtu mwengine azishike.

Haloperidoli, ya wanaosikia sauti: saa au siku chache baada ya sindano, hasa kwa vijana wa kiume, shingo yaenda upande, macho yapanda juu, taya yakaza, ulimi watoka. Familia hupiga kelele "jini limepanda!" na mgonjwa anatolewa wodini usiku. Si jini. Ni misuli imekazwa na dawa, na sindano ya kuilegeza hufanya kazi ndani ya dakika chache, nusu saa hivi. Ndiyo maana huandikiwa pamoja na Artane, kidonge cha kulegeza misuli hiyo. Lakini Artane nayo ina soko mtaani, kwa hivyo mkiona inakwisha kabla ya tarehe, hesabuni.

Sindano ya Modecate, ya wanaosikia sauti pia, kila wiki 2 hadi 4 ni nzuri kwa anayetema vidonge. Andikeni tarehe ukutani, si kichwani.

Lithiamu (dawa ya wanaopanda na kushuka hisia kupita kiasi) na mji wetu haviivi chungu kimoja bila uangalizi. Joto, jasho, kuhara, kufunga mchana kutwa bila maji, hupandisha kiwango chake damuni. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni pia. Kiwango kizuri ni 0.6 hadi 1.0, juu ya 1.5 ni sumu: kutetemeka kukubwa, kutapika, kuyumba kama mlevi. Damu itolewe saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari Shaabani, si tarehe ishirini ya mfungo. Fluoksetini haina shida, daku au futari.

#12 Msomaji_Bondeni

Wengine huku mwatucheka tunaosoma ruqya (kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa), lakini watu watakuja kwetu kwanza, mpende msipende. Basi semeni nasi tuelewane. Kisomo na dawa havigombani. Masharti ninayoona ni ya haki: mgonjwa hafungwi mnyororo, hapigwi, haachishwi vidonge, hapewi cha kunywa kisichojulikana, na halazwi kwetu akiwa na homa au degedege. Msomaji akisema "acha dawa za hospitali kwanza ili kisomo kishike", huyo ashavuka mpaka wake.

#13 Kikao_Dakika50

Hapo sheikh umemaliza. Naongeza tu: Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu na kukubali. Kumlaza mtu kwa lazima kuna utaratibu wake, hakuamuliwi na kikao cha ukoo. Polisi wakimchukua mtu barabarani kwa sababu ya ugonjwa wa akili wanapaswa kumfikisha kituo cha afya ndani ya saa 24, si kumweka seli mpaka Jumatatu.

#14 MamaLikoni

Na ndoa? Kadhi au mshauri?

#15 Kikao_Dakika50

Kazi mbili tofauti. Mahakama ya Kadhi huamua hadhi: ndoa, talaka, mirathi, kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Mshauri hana hukumu. Munaweza kuanza kwa mshauri, na mukishindwa mulango wa Kadhi uko pale pale.

Kikao cha wanandoa kinachofanywa sawasawa humwona kila mmoja peke yake mara moja kwanza. Sababu ni moja: kuuliza kuhusu kipigo. Mwanamke hatasema mbele ya aliyempiga, na akisema atalipishwa nyumbani usiku huo. Penye kipigo kinachoendelea, kikao cha pamoja husimama. Hapo ni usalama: vitambulisho na vyeti vya watoto viwekwe pengine, nauli, mtu wa kumpokea, na amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani. Fomu ya P3 (ya polisi, ya kuandikia majeraha) hutolewa bure.

Pasipo kipigo, kazi kubwa ni ndogo ndogo: mmoja asema dakika tatu, mwengine arudia alichosikia kabla ya kujibu. Yaonekana kichekesho. Wengi hawafiki dakika ya pili bila "lakini wewe..." Na mukimleta mama mkwe, aje kikao chake, si kukaa pembeni akitikisa kichwa.

Watoto nasema kidogo. Wa miaka sita hatakueleza huzuni, atakojoa kitandani, ataumwa tumbo kila Jumatatu. Aulizwe kwa kuchora na kucheza. Kijana wa sekondari azungumze na mshauri peke yake sehemu ya kikao, akijua mapema mzazi ataambiwa nini na hataambiwa nini. Mwalimu aulizwe kuhusu usingizi darasani, maana muguka hukesha usiku na hulala hisabati.

#16 Kibaraza_cha_Tudor

Gharama kwa haraka. Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, si NHIF ya zamani. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, wasio na ajira rasmi hukadiriwa, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi kwa kaya, na wao hulipa ya mwaka mzima mbele. Kujisajili kwa *147#. Zahanati na vituo vya afya vya umma ni mlango wa huduma ya msingi kwa aliyesajiliwa, na hapo ombeni barua ya rufaa. Msisubiri kujisajili siku ya kulazwa. Washauri wa binafsi wengi wana bei ya chini kwa asiyeweza, ila hawaitangazi. Ulizeni.

#17 Feri_ya_Mwisho

Nimesoma yote. Yote yadhania mtu amekubali kwenda. Asiyekubali je? Kijana wa miaka 24, bangi na vidonge, hana vurugu, asema "mimi si mwendawazimu."

#18 Kikombe_Kila_Siku

Basi aende aliye tayari, yaani nyinyi. Kuna njia iliyopangwa ya kumfunza mzazi au mke jinsi ya kubadili mwenendo wake ili mtumiaji akubali tiba, na huleta watu wengi kuliko kumzingira sebuleni ukoo mzima ukilia. Mshauri anayeijua atawapa takriban vikao kumi. Mambo yake ni haya.

Wiki mbili za mwanzo musiseme lolote, andikeni tu: anatumia saa ngapi, akiwa na nani, baada ya tukio gani. Mutaona mfumo. Labda ni kila Jumamosi baada ya kugombana na baba kuhusu kazi. Hilo la baba laweza kubadilishwa bila ruhusa ya kijana.

Siku anapokuwa timamu, kuweni naye: chai, mpira, kazi ndogo, mukimwambia wazi mumefurahi kukaa naye hivi. Siku anapokuwa ametumia, ondokeni chumbani bila matusi na bila chakula cha kupelekewa mlangoni. Madeni yake kwa watu musiyalipe, na uongo wa kumfunika kazini ukome. Pesa taslimu zibadilike kuwa vitu. Musitoe tishio ambalo hamutalitimiza. "Nitakufukuza" ikirudiwa mara saba ni muziki tu.

Kuzungumza kuwe asubuhi, mtu mmoja, sentensi fupi inayoanza na "mimi": "Mimi sikulala jana nikisubiri mlango." Si "wewe umeniua." Na ombi liwe dogo: si "nenda rehabu" bali "njoo unisindikize kwa mshauri wangu Jumanne, dakika kumi, ukichoka utoke."

La mwisho ndilo husahauliwa. Panga mapema na kliniki au mshauri kwamba akikubali ataonekana siku hiyo au kesho yake. Utayari hukaa saa, haukai wiki. Akisema "haya" siku ya Ijumaa jioni na nyinyi mukaanza kuuliza nambari za simu, Jumatatu hatakuwa yule yule. Muwe na jina la kituo, saa wanayofungua, nauli imewekwa, na kitambulisho chake mujue kiko wapi.

#19 Feri_ya_Mwisho

Kitambulisho kiko kwa mwenye duka, kakiweka rehani ya deni la vocha.

#20 Kikombe_Kila_Siku

Hilo deni moja lipeni, na mukichukue wenyewe.